Lenzi Pana na Shavu la Marehemu Baba

Mama Dorice, shikamoo, na unisamehe kwa barua ndefu. Mimi ni msomaji wako wa Katumba, hapa karibu na Mpanda, na nimeshika kalamu kwa sababu Jumatatu ijayo muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anataka jibu langu ili aipandishe lenzi kwenye basi, na mpaka sasa sijui nimwambie anitumie ipi.

Mimi ni mpiga picha. Napiga harusi, komunio ya kwanza, mahafali na misiba, kuanzia hapa nyumbani mpaka Magamba na Inyonga, na mwaka huu nimepata kamera ya ful fremu, ile inayotumia upana wote wa lenzi bila kuukata, ila lenzi niliyo nayo ni moja tu, ya milimita hamsini, ambayo kwa sura ya mtu mmoja ni nzuri mno lakini ukiingia nayo sebuleni unapata watu wanne na ukuta. Sasa mwezi ujao tunaondoa matanga ya baba, sisi wenye asili ya Burundi tunaita kuganduka, na mama yangu, ambaye tangu baba afariki miguu imekataa kabisa, ameomba kitu kimoja tu, picha moja ya watu wote, watoto wake tisa, wajukuu na ndugu za baba, ndani ya sebule ile ile aliyoijenga baba kwa mikono yake, maana anasema hajui kama atatuona tena wote pamoja.

Sebule ni hatua sita kwa hatua nne, ina madirisha mawili madogo, na msimu huo ni wa mawingu, kwa hiyo nahitaji lenzi pana yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, ndiyo maana nimeamua kuchukua praimu, ile isiyo na zumu. Muuzaji anazo nne, na kadiri namba inavyopungua ndivyo lenzi inavyoona pana zaidi. Ya ishirini inameza sebule nzima lakini naiogopa, ya ishirini na nne wengine mtandaoni wanaisifu na wengine wanaiponda, ya ishirini na nane sijaona mtu wa huku anayeitumia nikamuuliza, na ya thelathini na tano ina adabu, haivuti sura za watu, ila nahofia itamwacha mtu nje, na akiachwa mtu nje siku ile mimi nitajificha wapi. Nimetazama video mpaka bando limekwisha, nimepima sebule kwa kamba mara tatu, mpaka mama akaniuliza kama nataka kuiuza nyumba.

Naiogopa ya ishirini kwa sababu lenzi pana, Mama Dorice, ukisogea nayo karibu, mtu wa katikati anatoka vizuri lakini wa pembeni inamvuta, shavu linapanuka na kichwa kinakaa upande. Na katika ukoo wetu wakubwa hawakai katikati ya picha. Mwenye mji anakaa mwisho wa benchi upande wa mlango, mke wake anakaa mwisho wa pili, na watoto na ndugu wote wanakuwa ndani kati yao. Ni utaratibu wa babu tangu walipotoka Burundi na hakuna anayeuvunja, kwa sababu masenge Specioza, yaani shangazi yetu, dada yake baba, ndiye msimamizi, na siku ya picha anapanga watu kama askari wa barabarani.

Hapa ndipo penye shida yangu, naomba usinichoke. Mwaka jana, siku ya kumuaga dada yangu Aline aliyekuwa anaolewa, niliazima kwa rafiki wa mjini kamera na lenzi ya milimita kumi na sita, nikapiga picha ya familia nikiwa nimesogea karibu sana, baba amekaa mwisho wa benchi kama kawaida, na anayemfuata ni mdogo wake, baba mdogo Ladislas, anampa mrija wa impeke, ile pombe yetu ya mtama tunayoinywa pamoja kutoka mtungi mmoja. Wiki tatu baadaye baba akaanguka shambani akafa, daktari akasema ni moyo. Baba alikuwa mtu wa kukwepa kamera, picha yake ya karibuni ilikuwa hiyo tu, basi nikakikata kile kipande chake nikakikuza, kikawekwa juu ya jeneza na kwenye fulana za wanafamilia, na mimi katika kulia kwangu sikutazama sawasawa nilichokikuza. Shavu moja lilikuwa limepanuka na jicho limevutika. Mrija ulikuwepo, na mkono wa baba mdogo uliokuwa umeushika ulikuwepo.

Masenge aliitazama ile picha mbele ya waombolezaji wote akasema, "Kaka yangu alikuwa ameshaanza kuvimba siku ile. Tazameni nyie wenyewe ni nani anampa mrija."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilijua palepale kwamba ni lenzi, nikanyamaza, kwa sababu watu wale wote ndio wateja wangu, na kusema nimemharibu baba yangu mwenyewe juu ya jeneza lake niliona ni kujizika naye. Nikajiambia maneno ya msibani huwa yanaisha na msiba. Hayakuisha. Watu waliacha kula kwa baba mdogo wakiogopa sumu, asali yake ikawa hainunuliwi hapa Katumba, mkewe Josephina akaacha kwaya kwa sababu hakuna aliyetaka kukaa naye benchi moja, mwishowe wakafunga mizigo wakahamia Inyonga. Siku ya kuhama alinipigia simu. Akasema, "Mwanangu, wewe ndiye ulikuwa na kamera. Uliona nini?" Nikamjibu, "Sikuona kitu, baba." Akakata simu.

Tangu baba afariki ni miezi kumi na moja sasa. Picha nzima, ile isiyokatwa, ipo kwenye kompyuta yangu, na tangu msiba sijaifungua wala kumwonyesha mtu.

Basi swali langu ni hili, ipo lenzi pana ya praimu kwa ful fremu isiyovuta kabisa watu wa pembeni? Maana nikitumia inayovuta, masenge atawaketisha wakubwa kwenye ncha zile zile, safari hii mama ndiye atakayevimba na watu wataanza kumtafuta wa kumshtaki, na nikisema wakubwa wahamie katikati wataniuliza kwa nini, na nikishaeleza kwa nini, mambo yote ya mwaka jana yatafumuka. Nisaidie nichague, Jumatatu siyo mbali.

Ni mimi mwenye wasiwasi,
Mpiga picha wa Katumba

MAMA DORICE ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yote nimeyabadili, kwa hiyo pumua. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani unaniuliza habari za vioo.

Mimi lenzi sizijui, picha zangu nyingi za simu ni za kidole changu mwenyewe. Nilimpigia Yunus, mpiga picha wa Karema kule ziwani, ambaye kila wiki anapiga harusi za wavuvi kwenye vyumba vidogo kuliko sebule yenu. Nikamsomea vipimo, jina lako sikumtajia. Hakufikiri hata dakika. Alisema chukua ya ishirini na nane. Benchi likae ukuta wa ndani, wewe usimame ukuta wa mbele mgongo ukiugusa, ili hatua zote sita ziwe kati yenu. Watu wapangwe mistari mitatu, wasiusogelee ukingo wa picha, kila upande ubaki wazi upana wa mtu mzima. Kamera iweke kwenye stendi, kimo cha kifua cha aliyekaa, usiiinamishe. Tundu usilifungue mpaka mwisho, la sivyo mstari wa nyuma utafifia. Ya thelathini na tano nayo ingeweza, ila mtabanana. Ya ishirini aliicheka, na alisema kinachowavimbisha watu zaidi ni mpiga picha kuwasogelea wakati ana nafasi ya kurudi nyuma. Kuhusu lenzi pana isiyovuta kabisa watu wa pembeni, alisema anayeiuza hajazaliwa, na kwa chumba kama chenu wakubwa wakae katikati, basi.

Hilo la lenzi limekwisha. Limechukua aya moja, wewe limekumalizia bando zima, na sababu ya kukumalizia unaijua. Unatafuta lenzi itakayokuwezesha kuendelea kunyamaza. Unataka kioo kiwe kizuri kiasi kwamba mama yako apate picha yake, masenge apange watu anavyopenda, na wewe usifungue mdomo. Mwanangu, umeniandikia ukurasa mzima wa milimita, na katika orodha ya watu wa kupigwa picha umetaja ndugu za baba, lakini hukuniambia kama Ladislas amealikwa.

Nakuonea huruma, na sikuandikii hivyo kwa adabu tu. Ulikuwa umefiwa na baba ghafla, ukakata ile picha machozi yakiwa machoni, na mtu aliye katika hali hiyo nani atamlaumu kwa kutoona shavu. Hata ile siku, mbele ya jeneza, na shangazi mwenye sauti kama ya masenge wako, pengine hata mimi ningemeza mate. Lakini huruma hiyo inatosha kwa wiki moja. Wewe umeishi nayo miezi kumi na moja, na katika miezi hiyo mtu mzima amehamishwa kwenye nyumba yake kwa kosa ulilolifanya wewe. Tena alikupigia. Hakukuomba umtetee, alikuuliza tu swali, ukamfanya ashushe simu akijua kwamba hata wewe mtoto wake unamshuku. Hilo limeniudhi kuliko yote uliyoandika.

Unasema unaogopa wateja. Mteja akisikia ulikosea lenzi ukakiri, atakucheka wiki mbili na siku ya harusi ya binti yake atakuita. Akija kusikia kwamba ulijua na ukamwacha mzee wako ahame, kamera yako hataitaka hata msibani kwake. Na atasikia, maana huko vijijini wapiga picha siyo wewe peke yako, na siku moja mwenzako ataitazama ile fulana aseme kwa sauti kwamba hiyo ni lenzi pana.

Sasa sikiliza. Ifungue hiyo picha nzima leo, usingoje kesho. Wewe mwenyewe umeniambia kwenu mwenye mji anakaa ncha moja na mkewe ncha ya pili. Basi kule ncha ya pili yupo mama yako, na kama lenzi ni ile ile, shavu lake nalo limepanuka na jicho limevutika. Mama yako hakupewa mrija na Ladislas, alikuwa upande mwingine wa benchi, na mpaka leo yupo hai, anakutania kwamba unauza nyumba. Ushahidi wa baba yako mdogo umeukalia karibu mwaka mzima kwenye kompyuta yako. Uchapishe mkubwa, mkubwa kama ule wa jeneza.

Kisha rudi kwa rafiki yako wa mjini ukaazime ile kumi na sita. Ukifika siku ya kikao cha kupanga kuganduka, kabla masenge hajaanza kugawa kazi, omba benchi lile lile, ukae wewe mwisho upande wa mlango, mahali pa baba yako, na ndugu yako mmoja akupige picha kwa karibu kama ulivyopiga wewe. Waone shavu lako linavyovimba ukiwa mzima na hujanywa hata maji. Masenge naye akitaka kujaribu, mkaribishe kwa heshima. Usimfokee wala usimwaibishe, maana yeye alisema alichokiona kwenye picha mliyompa, na alikuwa anamlilia kaka yake. Mwambie tu, "Masenge, kosa ni langu, na wakubwa safari hii naomba wakae katikati." Atanuna. Mwache anune, mstari atapanga hivyo hivyo.

Lakini hayo yote ni ya pili. La kwanza ni Inyonga kwa Ladislas, na unakwenda wewe mwenyewe. Usitume ujumbe, usimtume Aline, na usingoje mpaka familia ikusamehe ndipo umwendee ukiwa umeshasafishwa. Chukua basi kabla ya Jumatatu, muuzaji wa Dar mwambie asubiri, lenzi haziozi. Nenda na ile picha nzima ndani ya bahasha. Kula watakachokupa, na Josephina akikuwekea asali mezani uile mbele yao. Baba yako mdogo akikufukuza, kaa nje mpaka atoke, ana haki ya kukufukuza. Na akikukaribisha, usianze kumweleza habari za milimita na watu wa pembeni, utaonekana unajificha nyuma ya kioo. Bahasha iache imefungwa kwanza, mtazame usoni, useme maneno mawili tu: "Baba, nilijua."