Neno Long na Fimbo ya Mpingo

Arusha

Mke wangu Mama Zuhura,

Salamu zikufikie wewe na Zuhura wetu. Vipi kifua chake, kikohozi kimepoa? Korosho mmemaliza kuokota? Nasikia wanunuzi binafsi wanagombania magunia mpaka Tandahimba. Usimkubalie wa kwanza! Mimi mzima, ila baridi ya huku inanionea.

Sasa kaa chini, mke wangu. Unakumbuka tajiri alisema nitapiga msasa vinyago mpaka nijue kuuza kwa Kiingereza, na chumba cha nyuma ya duka ni cha muuzaji tu? Basi Eliasi, muuzaji anayeacha kazi, akanifundisha neno long, yaani refu. Nikalipenda kweli! Sisi tunasema kamba ndefu, mti mrefu, vijiti virefu. Wao long tu, limekaa palepale kama jiwe. Hata safari ni long, hata hotuba za tajiri. Nililisema siku nzima mpaka Eliasi akaziba masikio.

Jana Eliasi katoka, akaingia mama wa Kizungu. Akaigiza mzee anayetembea, nikajua anataka fimbo. Nikamuuliza, "Long?" Akatanua mikono hewani kama anayekumbatia pipa. Nikadhani anataka nene, nikamletea moja kama mchi. Akatikisa kichwa. Basi nikanyoosha mkono, nikaukata begani kwa kiganja cha pili, kama tunavyopima kwetu. "Long?" Masikini, akadhani bega linaniuma, akanitolea vidonge! Tajiri akachungulia, uso kaukunja. Nikasema moyoni, chumba ndiyo kimeponyoka.

Nikachukua chaki, nikapiga magoti, nikachora mstari sakafuni. "Long?" Akakataa. Nikaurefusha. Akacheka, akapiga magoti na yeye, tukachora pamoja mpaka akaitikia. Kanunua fimbo mbili za mpingo! Kisha akauliza kwetu wapi. Nikamwambia, "Newala. Waifu, Newala. Long." Akanishika mkono.

Tajiri akatia mkono mfukoni. Akanirushia ufunguo wa chumba.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Msalimie shemeji, fundi baiskeli wetu. Mjomba wako mwenye kauli, mwombe kwa adabu: nataka mje, wewe na Zuhura. Shukeni Masasi mapema, mabasi hujaa.

Chumba nimekifagia. Nimelala humo jana peke yangu, nikakiona kikubwa mno. Njooni.

Mimi mumeo,
Baba Zuhura