Mizizi kwa Magoti ya Gertrude

Kambi ya Reli, Mlimba, Tanzania
14 Agosti 1976

Mdogo wangu Gertrude,

Leo natimiza miaka thelathini na mitano tangu nilipopanda treni ya Moshi pale stesheni ya Voi. Nilihesabu asubuhi kabla sijafungua stoo, ndipo nikakumbuka kwamba bado sijakujibu. Natumai barua hii itakukuta na nafuu. Mimi ni mzima, isipokuwa macho, ambayo siku hizi yanataka kitabu kishikwe mbali.

Umeniandikia kwamba ulishuka kutoka Mbololo ukikimbia baridi, nayo ikashuka pamoja nawe. Kwamba jua la Voi linapasua mawe na wewe umevaa sweta, na wanawake wa sokoni wanakuita Mama Ulaya. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nayajua magoti hayo. Yalikuwa ya mama, na mwaka jana yalikuwa yangu.

Hapa kuna daktari Mchina, jina lake Shen, aliyebaki baada ya reli kumalizika. Alinipapasa miguu, akautazama ulimi wangu muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwenye daftari: "Mzee, hii si baridi ya hewa. Hii imeingia ndani, imepanga chumba kwenye goti, haitaki kuhama." Akanichoma sindano nyembamba kama unywele. Akawasha majani makavu yaliyosokotwa mfano wa sigara, akayasogeza karibu na ngozi mpaka joto likazama mfupani. Mwisho akanipa mizizi ya kuchemsha. Baada ya mwezi nilipanda ngazi za stoo bila kushika ukuta.

Nakutumia mizizi hiyo kwa mkono wa Reuben, dereva wa lori anayepita Taveta. Ni vipande vyeusi, vyembamba kama muhogo mkavu. Chukua vitatu tu, utie na tangawizi, uchemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa mbili kamili. Kunywa kikombe kimoja jioni. Miguu uiloweke katika maji ya moto, na kiuno ukifunge kanga. Fuata hivyo hivyo nilivyoandika.

Mwisho wa mwaka ujao nastaafu, na Krismasi nitakuwa nyumbani. Niwekee chumba kinachotazama milima.

Kaka yako,
Mwandawiro


Voi
2 Novemba 1976

Kaka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo na kazi? Sisi ni wazima, ila mvua imechelewa, na watu wa Maungu wameanza kuuza mbuzi kabla hawajakonda. Reuben alifika, akala ugali, akaacha furushi lako.

Sasa usinigombeze. Makaa ya kuchemsha saa mbili kila siku sina. Na zaidi ya hayo, Kaka, ni lini uliona mzizi wa maungo ukichemshwa kwetu? Baba alikuwa akiuloweka kwenye mbangara, pombe yetu ya miwa, siku saba, kibuyu kikikaa karibu na jiko kipate joto. Nami nimefanya vile vile, nikatia vipande vyote. Pombe yenyewe imeteremshwa kutoka Mbololo ikiwa ndani ya gunia la viazi, ili mwinjilisti asiinuse njiani.

Dawa yako ina nguvu. Nakunywa kifuniko kimoja cha chupa. Midomo inawasha, ulimi unakufa ganzi, na vidole nasikia kama sisimizi wanatembea ndani. Hapo ndipo najua baridi inatoka. Juzi nimekwenda kanisani bila fimbo.

Jirani yangu Nthambi, yule Mkamba muuza ndengu anayenichotea maji tangu magoti yangu yalipogoma, naye anaugua hivyo hivyo. Nikamwambia, "Wewe ni mtu wa kanisa la African Inland, na hii ni pombe." Akasema, "Ikiwa na mzizi ndani si pombe, ni hospitali. Mimina." Mkono wake ni mzito kuliko wangu. Anasema Wakamba hawapimiwi dawa kwa kifuniko. Maundu, mumewe, sasa ananiita daktari.

Chumba chako nimekitenga. Mlango unafunguka upande wa milima.

Dada yako,
Gertrude


Mlimba
9 Februari 1977

Gertrude,

Leo siulizi hali kwa desturi. Nauliza kweli: uko hai?

Barua yako ilifika Novemba ikalala juu ya meza yangu. Nilikuwa nimetumwa upande wa Zambia kukagua vipuri, nikarudi jana.

Mwaga kibuyu hicho. Usikionje. Chimba shimo, umwage humo, ukivunje na kibuyu chenyewe. Mzizi ule usipochemshwa muda mrefu husimamisha moyo, na pombe huunyonya ukali wake wote. Ile ganzi ya ulimi si baridi inayotoka. Mwambie Nthambi sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Nimepeleka telegramu asubuhi. Karani wa posta alinitazama, akasema, "Mzee, mpaka umefungwa tangu Ijumaa. Nitaipokea, lakini siahidi kwamba itafika."

Kaka yako,
Mwandawiro


Mlimba
20 Juni 1977

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya nne tangu Februari. Reuben hapiti tena Taveta. Nampa dereva wa treni aitie posta Zambia, labda itazunguka ikufikie. Sihitaji barua ndefu. Andika jina lako tu kwenye karatasi.

Kaka yako,
Mwandawiro


Voi
11 Desemba 1977

Kaka,

Barua zako nne nimezipata siku moja. Telegramu haikufika. Naona na zile zangu mbili hukuzipata. Mimi ni mzima.

Nthambi alikufa tarehe ishirini na nane Desemba mwaka jana. Wewe ulikuwa bado Zambia, kwa hiyo hata barua ya mbio isingemkuta.

Kibuyu kilikuwa kinakaribia kwisha. Alipita mchana akitoka sokoni, kapu likiwa mkononi, akasema cha chini ndicho kitamu, akanywa kikombe kizima amesimama mlangoni kwangu. Baada ya kitambo akasema midomo yake imepotea. Nikamwambia, "Afadhali, sokoni watapumzika." Tukacheka, Kaka. Halafu akatapika, akakaa chini, akasema moyo unamruka. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetolewa mtoni. Maundu alipata gari. Hawakufika hospitali. Kwenye cheti wameandika ugonjwa wa moyo.

Nilishuku, nikanyamaza. Kibuyu nilikivunja siku ile ile. Sasa nimesoma barua zako, sishuku tena.

Maundu ndiye anayenichotea maji siku hizi. Anasema, "Kaka yako akija nataka nimshike mkono. Mke wangu aliishi miezi yake ya mwisho bila kulia magoti." Huniuliza tarehe utakayofika, nami humjibu kwamba ni mambo ya mpaka.

Nakuuliza neno moja tu. Ulipoandika saa mbili kamili, ulijua ni kwa nini?

Dada yako,
Gertrude


Mlimba
3 Desemba 1983

Mdogo wangu Gertrude,

Natumai u mzima. Magoti siyaulizi, sina haki hiyo.

Nimekaa na swali lako miaka sita. Nilijiambia ni mpaka, lakini barua zako za baadaye zilinifikia zote, hata ile uliyosema Maundu ameezeka upya chumba changu. Mwezi uliopita wameufungua, na udhuru wangu umekwisha.

Nilijua. Daktari Shen aliniandikia maagizo kwa mkono wake. Ni sumu, ichemshwe saa mbili, isikutane na pombe. Niliyanakili kwako yote, nikaacha neno la sumu na lile la pombe. Ungeona neno sumu ungeitupa mizizi jalalani, nami nilitaka, baada ya miaka thelathini na mitano ya kutuma salamu, kuwa kaka aliyekuponya. Na mbangara ya baba naikumbuka kama wewe. Nilikuwa nikikizungusha kibuyu kile kando ya jiko kila asubuhi. Ningeweza kufikiri. Sikufikiri.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi ya Maundu. Haikugundishwa, isome kwanza. Nimemwambia kwamba dawa ilikuwa yangu, kwamba nilificha neno, na kwamba wewe hukujua. Umpe, au uichome. Wewe ndiye unayeishi naye ukuta kwa ukuta, na sitakuchagulia.

Nikija kabla hajaisoma, atanishika mkono na kunishukuru, nami nitaupokea mkono huo, maana najijua. Nikija baada ya kuisoma, huenda akanikaribisha hata hivyo. Hilo siliwezi zaidi.

Chumba mpe mtu anayekihitaji. Mimi sitarudi Voi.

Kaka yako,
Mwandawiro