Mama Huwaambia Wageni Kwamba Nilikufa

Mama Tshibola, mshauri wetu, niazime sikio lako kwa ukurasa mmoja. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na saba, mwenye akili timamu na afya ya kutosha, ila hapa mtaani Kasuku, mjini Kindu, nimekufa, na anayetangaza kifo changu ni mama yangu mzazi.

Mwaka 1998, vita ilipoingia Kindu, nilikuwa karani wa reli na ndiye niliyeshika redio ya kuzungumza na vituo vingine, kwa hiyo watu wenye silaha wakaja nyumbani kuniulizia, nami nilikuwa nimeshavuka mto kwa mtumbwi upande wa Alunguli na kuingia porini, basi mama akawaambia nimekufa kwa homa huko Punia, na waliporudi wakamkuta amenyoa nywele, mikeka imetandikwa, majirani wanalia, tena wanalia kweli, kwa maana hakumwambia mtu yeyote siri yake, hata dada yangu Mamy alilia siku tatu bila kujua. Hawakuja tena. Mimi nilipita Kampene na Kabambare kwa miguu, nikavuka ziwa, nikakaa Kigoma zaidi ya miaka ishirini, nikaoa huko, nikazaa, nikasoma kila kitabu nilichoweza kuazima, na miaka mitatu iliyopita nikarudi kumtunza mama, ambaye sasa ana miaka themanini na minane.

Tabia yake ni hii. Kila asubuhi anakaa kwenye kiti chake mbele ya mlango, na mtu yeyote asiyemfahamu akija kuniulizia, awe fundi wa umeme, awe katekista mpya, anamjibu, "Ule alikufaka," halafu anaendelea kuchambua mchele. Usidhani amepoteza kumbukumbu. Ndani ya nyumba ananiita Florentin, ananigombeza nisipomaliza sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, anakumbuka hata kiatu nilichopoteza nikiwa darasa la pili. Siku nyingine nacheka mpaka nashika ukuta. Siku nyingine hasira inanipanda, halafu naona aibu, maana bila uongo huo nisingekuwa na mdomo wa kulalamikia. Nampenda na ananichosha, Mama Tshibola, na vyote viwili vinanijia katika saa moja.

Jumapili iliyopita ndiyo iliyovuka mpaka. Familia ya kijana Okito ilikuja kumposa binti yangu Fifi, wakafika mapema, nami nimekwenda kuazima viti kwa jirani. Mama akawauliza, "Munatafuta nani?" Wakasema, "Papa Florentin." Akawaambia, "Poleni. Ule alikufaka. Tulishamulilia." Hawakubisha, waliondoka wakiwa wameinamisha vichwa. Baada ya saa moja wakarudi, na safari hii wamebeba mkeka na kahawa, shangazi wa kijana mbele akiomboleza kwa sauti, na anayemtokea mlangoni ni mimi, nimevaa shati la sherehe, kiti cha plastiki kila mkono. Yule shangazi aliruka mtaro kama msichana. Mjomba wao, Djo, ndiye aliyebaki akinitazama, akasema, "Papa, sasa sisi tumekuja na machozi. Tuyapeleke wapi?" Kisha na yeye akaondoka. Mpaka leo hawajarudi, na Fifi hasemi nami wala na bibi yake.

Nilimwambia mama, "Mama, vita iliisha." Akanijibu bila kuinua macho: "Iliisha kwa nani? Ulikuwaka hapa?"

Mke wangu anataka kiti chake kihamishiwe nyuma, jikoni. Mamy, aliyeolewa Kalima, anasema nimpeleke kwake, na gari la kwenda huko linaondoka Jumamosi. Mama mwenyewe amesema hatoki pale mlangoni akiwa hai. Hata mzee Soudi, jirani wa miaka yote, hanisaidii. Ananisalimia akitazama pembeni, na sijui nimemkosea nini. Je, nimwondoe mama mlangoni, au nikubali kuendelea kuwa marehemu?

Ni mimi,
Marehemu wa Kasuku

JIBU

Papa Marehemu, pole. Nimecheka kwenye viti vya plastiki, nakiri, halafu nikaisoma barua yako mara ya pili na sikucheka.

Unataka kumwondoa mlangoni mtu aliyekuokoa akiwa mlangoni. Hapana. Kiti kisiguswe, na Kalima asipelekwe isipokuwa ameomba mwenyewe. Mama wa miaka themanini na minane ukimpakia kwenye gari kama gunia, barabara ile itammaliza kabla ya daraja la pili, na safari hiyo matanga yatakuwa ya kweli.

Sasa nikugombeze. Umeandika mengi juu ya shati lako, lakini ile miaka ambayo mama alibaki hapa, njaa ile, watu hawawezi hata kufika shambani, umeiandikia swali moja tu la mama, na swali lenyewe hukulijibu. Mtu aliyesoma vitabu vyote hivyo! Na eti hujui umemkosea nini mzee Soudi. Jirani wa miaka yote, bila shaka alikaa kwenye mkeka akikulilia. Ulifufuka miaka mitatu iliyopita: ulikwenda kumwambia? Barua yako haisemi, nami nadhani hukwenda. Matanga yalifanywa mchana mbele ya watu wote, na kurudi kwako kumefanywa kimyakimya, kana kwamba ulitoka sokoni. Unamtaka mama peke yake alifute neno ambalo mtaa mzima ulilililia.

Fanya hivi. Leo, kabla jua halijazama, nenda kwa mzee Soudi. Usijitetee. Mwambie, "Mulinililia, na sikuja kushukuru." Kisha pita kwa wengine waliobaki, mama atakutajia majina, na naamini hatasahau hata mmoja. Kesho asubuhi toa kiti chako, kiweke karibu na chake, mchambue mchele pamoja, watu wawaone. Kwa wakwe nenda mwenyewe kwa miguu, na umchukue Fifi. Waombe radhi kwa machozi yao, kisha waambie wakija tena wasikuulizie wewe, wamuulizie bibi. Mlango ule ni wake, na mgeni wake hatamfukuza.

Siwezi kukuahidi kwamba ataacha. Akija mtu asiyemjua, ameshika karatasi yenye jina lako, huenda utakufa tena. Vumilia, toka, umfuate yule mtu barabarani na ujitambulishe. Haitakuchukua dakika mbili.

Jambo la mwisho, na hili ndilo kubwa. Waite majirani wale wale, waje wakae uani siku moja. Usihutubie. Mwombe mama aeleze yeye jinsi alivyofanya: alisema nini wale watu walipoingia, nani alimnyoa, alilalaje akijua peke yake kwamba uko hai, au akidhani tu kwamba uko hai. Umesimulia yote kana kwamba ulikuwepo, lakini hukuwepo. Atakapofika mahali pagumu, usimkatize, usimwambie yamekwisha. Mwache amalize.