Maji Niliyoyatangaza Kuwa Salama

Jumanne. Jua la kukausha hata mate, na mie nimejaa aibu.

Nimerudi nyumbani Dunda sasa hivi kutoka shamba moja nje ya Lugoba, nilikotumwa kupima udongo na maji ya kisima. Wasiwasi ni naitreti, ile chumvi ya samadi inayozama ardhini mpaka ifike kwenye maji. Zizi la ng'ombe liko mlimani kidogo, kisima kiko chini yake, na udongo wote ni mchanga mtupu. Mkojo wa ng'ombe pale unapita bila hodi.

Mtu mzima akiyanywa hana neno kubwa. Lakini Bi Zaituni, mwenye nyumba ya pale shambani, ana mjukuu wa miezi miwili, Rehema, na maziwa yake ya kopo hukorogwa kwa maji hayo. Naitreti huifanya damu ya mtoto wa umri ule ishindwe kubeba hewa.

Nilichota chupa tatu kisimani, nikaziacha barazani, nikaenda kuchimba udongo nyuma ya zizi. Niliporudi nikachovya karatasi zangu za kupimia. Penye naitreti hugeuka rangi ya waridi. Zikabaki nyeupe, zote tatu!

Nikajikohoza kama mgombea udiwani, nikatangaza: maji salama. Nikaletewa wali na samaki mkavu, nikala bila haya.

Wakati wa kunawa nikaletewa ndoo, imetoka kisimani muda huo huo. Nilikuwa na karatasi moja imebaki. Nikaichovya kwa mbwembwe tu. Ikawa waridi, tena la kukoza.



Nikauliza nani kazigusa chupa. Bi Zaituni akacheka. "Mwanangu, maji uliyochota yalikuwa na vumbi na jani juu. Mgeni aondoke kwangu na maji machafu, watu waniseme? Nimeyamwaga, nikakujazia ya mvua, ya kwenye tangi. Na chupa nimekusugulia."

Nilitaka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Mpimaji gani anaacha chupa zake kwa mwenyeji mstaarabu? Ikabidi nisimame tena palepale, mbele yake na binti yake, mama wa Rehema, niseme nimekosea. Rehema asipewe ya kisima. Kuyachemsha hakusaidii, kunazidisha: maji yanapungua, naitreti inabaki. Apewe ya tangi mpaka nipime upya.

 Kabla ya kula salama, baada ya kula hatari. Hata mie nisingejiamini.

"Ya tangi ni ya wageni," akasema Bi Zaituni. "Na yenyewe machache."

Nikarudia, macho yangu kwa mtoto mapajani mwa mama yake. Niliogopa kweli, si utani.

 Bi Zaituni akainuka, akalitia kufuli bomba la tangi, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. "Haya, ni ya Rehema." Akachota kikombe kwenye ndoo, akanipa kwa mikono miwili. "Na wewe mgeni wangu, karibu maji. Wewe umeshakua."

Nikanywa, sikubakisha tone.