Masufuria ya Msiba Bado Yako Gesti

Tatu, shoga yangu,

Arobaini yako imepita, na mimi bado kila nikimaliza kushona kitu nageuka nikuonyeshe. Juzi nimemaliza pazia la chumba cha mbele, lile la maua ya njano ulilosema linafanana na gauni la harusi ya haraka. Nimelitundika hivyo hivyo. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukae chini.

Nakuandikia kwa sababu kuna mambo ya gesti ambayo sitaki uyasikie kwa mtu mwingine, atayaharibu. Gesti ya marehemu baba yako imejaa. Wale tuliokuwa tunawapita alfajiri kule mwaloni, kwenye soko la samaki, tukienda kununua dagaa, wamelala juu ya magunia, sasa kila mmoja ana mlango wake. Mama wa mapacha yuko chumba cha pembeni. Mzee Masalu, yule mbeba magunia aliyetoka Misungwi zamani akasahaulika na kwao, yuko kile cha karibu na bomba, anasema anapenda kusikia maji. Kaka yako Hamisi alipokuja kukuzika alisema nyumba ibaki kama ulivyotaka, ya wasio na pa kulala, akanikabidhi funguo mimi. Mimi, na mdomo huu. Nilikuambia usife kwanza.

Vitanda vya chuma vimeenea vyumba vyote. Unakumbuka tulivyovuka ziwa hadi Kamanga kuvifuata, kisa shule moja huko ilikuwa inavitupa? Wakati wa kurudi, abiria mmoja kwenye kivuko akauliza kama tunafungua hospitali. Ukamjibu bila hata kutabasamu, "Hoteli ya kitalii, karibu sana." Yule baba akatuomba kazi ya ulinzi mpaka tunashuka Mwanza. Ziwa lilikuwa limechafuka siku ile, na mimi maji nayaogopa, lakini nilikuwa nimeficha uso kwenye kanga yako nisionekane ninavyocheka.

Majirani wao hawakucheka, unajua ulivyowaacha. Mama Kulwa alikuwa mbele yao, na yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, akisema neno mtaa mzima unasikia. Tunaleta wezi, tunaleta walevi, mabinti hawatapita njia ile jioni. Na yale masufuria makubwa ya msiba, na turubai la chama, yaliyokaa chumba cha nyuma cha gesti tangu baba yako yu hai, akataka yahamishwe haraka kabla hayajauzwa kama chuma chakavu. Wewe ukakataa katakata. Ulisema, "Vero, masufuria yakitoka, hakuna jirani atakayeingia tena mlango huu. Yaache." Mimi niliona ni ukaidi wako wa kila siku.

Halafu ukaondoka. Asubuhi, kikombe cha chai mkononi, hata kuaga hukuaga. Nilikukasirikia, Tatu. Bado kidogo nimekasirika.

Sasa nikueleze usichokijua. Habari ilipofika gesti, wale watu hawakumngoja mtu. Waliyatoa masufuria wenyewe, wakayasugua kwa mchanga na majivu, mama wa mapacha akachota maji, Mzee Masalu akapasua kuni. Wanachama walipokuja kuchukua vyombo vya msiba wako, walikuta yameshabandikwa jikoni na maji yanachemka. Na sheria ya chama unaijua, vyombo havishikwi na asiye mwanachama. Mama Kulwa alisimama mlangoni amejishika kiuno, midomo ameikaza, lakini msibani hawagombani watu. Nilimwona anavyoliweka moyoni.

Kweli, matanga yalipoanuliwa tu, akaitisha kikao, pale uwanjani mbele ya gesti. Alitaka mambo mawili: vyombo vitoke, na chama kizima kimwombe mwenyekiti wa mtaa gesti ifungwe. Chama kikiomba kitu mtaani kwetu kinapewa, hilo halina ubishi. Nilikaa pale nawaangalia wale watu, wameegemea ukuta, wanasikiliza wanavyojadiliwa, na nikawa najiuliza nitawaambia nini jioni, warudi kwenye magunia? Hasira ikanipanda. Nikasimama nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa, unayajua, ndiyo yale nikiyakaribia unanikanyaga mguu. Siku ile hapakuwa na wa kunikanyaga. Niliharibu kabisa, hata waliokuwa upande wetu wakainama.

Ndipo Mzee Masalu akasimama, akavua kofia. Akasema taratibu, kwa ile lafudhi yake ya Kisukuma, "Nyumba mnaweza kufunga. Nje nimelala, napajua. Mimi naomba kuingia chama. Nimeona mlivyomzika dada Tatu. Mwenzangu alifia mwaloni akachukuliwa na gari la manispaa, mpaka leo sijui amelazwa wapi. Mimi gari silitaki."

Mama Kulwa, ambaye sheria ndiyo chakula chake, akamuuliza kama anavyomuuliza kila anayejiunga, maana mwanachama lazima awe na kwake mtaani: "Kwako ni wapi? Siku yako turubai tulifunge wapi?" Mzee akanyoosha kidole kwenye mlango wa gesti.

Mama Kulwa aliuangalia ule mlango. Mwisho akasema, "Masufuria yangu sijawahi kuyaona yanang'aa vile. Ninyi wenyewe mnayarudisha na ukoko. Mwandikeni, kwake ni pale." Akafunga kilemba chake upya, akakaa. Mama wa mapacha naye akajitokeza, na wenzake wakafuata, na kila mmoja akiulizwa kwake ni wapi anaonyesha mlango ule ule. Ya kuhamisha vyombo na ya kufunga gesti hakuna aliyeyataja tena. Ungefungaje nyumba ya mwanachama?

Nikalia mbele ya kadamnasi, mimi. Mama Kulwa akanipa kanga yake nijifute, huku ananisema kwa yale matusi.

Si wote waliokubali, nisikudanganye. Jirani wa juu maweni, yule wa geti jekundu, amepandisha ukuta na kuweka vipande vya chupa. Namsalimia kila siku kwa sauti kubwa, makusudi.

Lakini niambie, ulijua? Ulijua tangu mwanzo kwamba masufuria ndiyo yatakayotuokoa, ukaniacha nabishana nawe kila jioni? Au ulibahatisha tu? Kama ulibahatisha, najua huko uliko unajisifu. Nimekukumbuka sana. Hakuna anayeniudhi vizuri siku hizi.

Mzee Masalu kila asubuhi anafagia mbele ya gesti. Si uwanja wote, anafagia pale tu turubai litakapofungwa siku yake. Nilimuuliza kulikoni, akasema anataka watu wake wakija wakae pasafi. Alisema hivyo, watu wangu, na mimi nikaingia ndani kujifanya natafuta uzi.

Kwa hiyo nakuahidi, Tatu. Masufuria hayatoki pale nikiwa hai, na mlango nitaufungua mimi kila kukicha. Siku ya mzee ikifika, nitakuwa jikoni kabla ya Mama Kulwa. Kuhusu mdomo nitajitahidi, hilo usilishike sana.

Lala salama, shoga yangu. Mzee anasema akitangulia yeye atakuletea habari zote za mtaa. Nimemwambia asubiri, pazia la chumba chake bado sijalimaliza.

Wako,
Vero