Chini ya Mpinki Hapafagiwi

Jumatatu, 20 Januari 2025
Umefunguka! Nimetoka kumwaga maji ya vyombo, nainua macho — mpinki wote umevaa. Juzi ulikuwa matawi matupu, kuni zilizosimama. Leo ni maua tu, mpaka ukuta wa jirani umepata rangi. Jina lake la kitabuni silijui wala halinisumbui. Mtaani kwetu hapa Bunju ukisema mpinki, unaelekezwa kwenye kiwanja kilichopakana na uwanja wangu.

Basi Siku ya Mpinki ni Jumamosi. Nimeshamwambia mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwishehe, akatangaze. Kauliza kamati imekaa lini. Nikamjibu imekaa asubuhi, jikoni kwangu, wajumbe wote tulikuwepo: mie na sufuria.

Jumanne, 21 Januari 2025
Noela, mke wa mwanangu Fransis, ana wiki chache tu humu ndani. Mtoto kalelewa. Alfajiri nasikia ufagio wa chelewa uwanjani, shwa, shwa, na sie wengine bado tumelala. Leo dukani nimemsifia mbele ya wenzangu: mkwe wangu haachi hata jani moja chini. Wamenuna. Wana haki ya kununa.

Jumatano, 22 Januari 2025
Balaa. Awadh kaja na fundi na futi kamba.

Kiwanja cha mpinki ni chake. Kaachiwa na mama yake, marehemu Bi Rumaisa, aliyeupanda ule mti kwa mkono wake. Yeye siku hizi anakaa Mikocheni, na sasa anataka kujenga fremu za maduka. Mti unakatwa Jumatatu.

Nikamfuata palepale, povu la sabuni mikononi. Sikumlilia. Nilimkumbusha tu ilivyokuwa: maua yakianza kudondoka, mama yake anapita anapiga hodi nyumba kwa nyumba, Waislamu kwa Wakristo, wanawake waje wanywe kahawa juu ya maua. Viatu vinaachwa pembeni. Ua halichumwi mtini. Na chini hapafagiwi mpaka sherehe ipite.

Kasema tangu amzike mama hajafika kwenye sherehe hata mara moja. Halafu akanitolea hii: "Maua hayalipi, Mama Fransis."

Nikamwambia aje Jumamosi baada ya Alasiri, aione ardhi ilivyo. Akiiona na bado akataka kukata, shoka nitamshikia mwenyewe. Akacheka kidogo. Atakuja, lakini fundi naye atakuja kumalizia vipimo.

Waje wote. Mtoto wa Bi Rumaisa hawezi kusimama kwenye yale maua akabaki na moyo wa jiwe. Namjua.

Ijumaa, 24 Januari 2025
Upepo umenifanyia kazi. Chini ya mpinki hakuna udongo tena, ni zulia, tabaka juu ya tabaka. Nimekaa barazani naliangalia kama mwenye mali. Awadh kwisha habari yake.

Mchele umechambuliwa, nyama imeagizwa. Noela kaja kuuliza na yeye asaidie nini kikubwa. Nikamwambia kesho tunapokea mgeni mzito, nataka uwanja ung'ae. "Sawa, mama," na goti likapigwa. Nalala na furaha.

Jumamosi, 25 Januari 2025
Jamani, chini ya mpinki!

Pamefagiwa. Pote. Mpaka shinani. Mistari ya ufagio imenyooka, huoni hata ua moja. Na Noela kasimama pembeni na chelewa lake, anangoja kusifiwa. Kaanza uwanjani kabla ya adhana, akaendelea mpaka kiwanjani, ili mgeni akute pasafi. Maua yote kayachoma shimoni pamoja na taka.

Nilifungua mdomo nimseme. Kisha nikaona malengelenge kwenye viganja vyake. Nani alimwambia kwamba pale hapafagiwi? Mtaa mzima tunajua, ndiyo maana hakuna aliyesema. Na aliyetaka uwanja ung'ae ni nani? Nikamweleza taratibu, tangu Bi Rumaisa mpaka Awadh na shoka. Kajifungia chumbani analia.

Mzee Mwishehe kashauri tutikise matawi, maua yaanguke upya. Nimekataa. Kutikisa ni kuchuma kwa ujanja. Bi Rumaisa angenifukuza na birika lake.

Mie si mtu wa kukata tamaa. Lakini leo naogopa, na niseme tu kwamba naogopa.

Sherehe iko palepale.

Jumamosi hiyohiyo, alasiri
Naandika nimechuchumaa nyuma ya sufuria za pilau, moshi machoni. Siwezi kungoja mpaka baadaye.

Watu wamejaa. Maua yaliyodondoka tangu asubuhi ni ya kuhesabu, moja hapa, jingine kule. Ila hili nataka niliandike: kila anayefika anavua viatu. Sijamwambia mtu. Wanafika ukingoni mwa ule udongo mtupu, wanaona, wanavua. Ndala, skuna za kanisani, buti za dereva wa bodaboda, vyote vimepangwa safu. Wanapita peku kwenye vumbi na wanakwepa yale maua machache. Nimelia kidogo. Nasingizia moshi.

Noela nimemtoa ndani kwa kumshika mkono. Nimemkabidhi kahawa yote. Aliyefagia ndiye amimine, nimesema, na hakuna aliyenibishia.

Awadh huyo! Kashuka kwenye gari na fundi wake. Kasimama ukingoni, anaangalia chini, muda mrefu. Kauliza maua yako wapi. Nataka kunyanyuka, Noela kaniwahi. Kasogea na kikombe mkononi.

"Nimeyafagia mie, baba. Nilikuwa sijui. Naomba unisamehe."

Huyu mtoto! Sauti inamtetemeka lakini kikombe hakimwagiki.

Awadh kamtazama. Kisha kaitazama safu ya viatu, mwanzo mpaka mwisho. Kauliza kama leo pia wamevua, na hakuna kitu chini. Mzee Mwishehe kamjibu kwamba ndiyo, ndivyo walivyofundishwa na mama yake.

Fundi kashaivuta futi kamba, anataka kuingia na raba zake. Awadh kamshika bega.

"Ngoja kwanza."

Noela bado kanyoosha kikombe. Pilau inaungua upande mmoja, naisikia harufu, na sinyanyuki. Awadh kainama. Mkono uko kwenye kamba za kiatu cha kulia, anahangaika kulifungua fundo —