Baba Anapiga Pasi

Ijumaa, 3 Oktoba
Nimepiga pasi kanzu ya Ijumaa, jikoni, kama kawaida. Nimevaa fulana na kikoi tu. Tangu mama yake Salma, binti yangu, afariki, pasi ni yangu. Salma alikaa mlangoni na rangi zake. Kazi ya mtihani, kasema. Nikadhani anachora dirisha.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimeiona picha yake. Mimi! Kitambi nje, kwapa wazi, jasho. Uso wenyewe haujamaliziwa, rangi madoa madoa tu. Na itatundikwa shuleni, wanakosoma watoto wa nusu ya mtaa wetu wa Small Heath. Nimeona aibu, nikakasirika. Nimemwambia anivalishe kanzu. Akasema, "Lakini baba, that's you. Ndivyo ulivyo." Nikamjibu kwamba mbele za watu mimi huvaa.

Jumatano, 8 Oktoba
Kanivalisha. Kanzu nyeupe, kofia, uso kamili. Pasi haipo tena. Nimemsifu sana. Kasema asante kwa Kiingereza, akapanda chumbani kwake.

Jumanne, 14 Oktoba
Jioni ya wazazi shuleni. Picha yangu iko pembeni. Nimesimama kama napigwa picha ya pasipoti. Watu wanapita tu.

Karibu yake mwalimu kabandika nakala ya picha ya zamani ya mchoraji mmoja Mfaransa. Mafundi watatu wamepiga magoti, vifua wazi, wanakwangua sakafu ya mbao, mwanga wa dirisha mgongoni. Mwalimu kanieleza kuwa waamuzi wa maonyesho makubwa ya Paris waliikataa. Vibarua, tena vifua wazi. Waliona ni aibu. Mchoraji akaenda kuitundika na wenzake, wale waliochora mwanga na watu wa kila siku, wakichekwa kwamba hawamalizi kazi. Salma anaipenda kuliko zote, kasema mwalimu. Ndiyo iliyomfanya anichore jikoni.

Kumbe mwamuzi wa Paris alikuwa amesimama pale pale, na kofia yake ya Zanzibar.

Ndani ya basi nimemwomba Salma anirudishie fulana. Kasema rangi imeshakauka, kazi imeshapelekwa, haidhuru. Mimi najuta, najuta sana.

Ijumaa, 17 Oktoba
Mvua tangu alfajiri. Jikoni, kanzu, pasi. Mlango nimeuacha wazi nusu, makusudi. Salma kaja kuchukua chai yake kabla ya shule. Kasimama nje ya mlango, kabisha hodi, kauliza kama nimevaa.